Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nafasi za risachi ya sayansi na afya wakati wa kiangazi kwa vijana wetu walioko Marekani

Maswali haya ni yale yale kila mwaka, na kila mwaka yanakuja Machi au Aprili wakati milango mingi imeshafungwa, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja. Ni kwa vijana wetu wanaosoma Marekani, awe amezaliwa Minnesota kwa wazazi Wakenya au ametokea kambi ya Nyarugusu akaishia Kentucky, na ni kwa wazazi wao pia manake nusu ya maswali hapa wazazi ndio wanauliza.

Kwanza hizi programu ni nini hasa? Ni summer school?

Hapana, na tuanze hapo. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka mwanzo wa Agosti hivi, vyuo vikuu na hospitali kubwa za utafiti zinachukua wanafunzi wa kolej, na wachache wa hai skuli, zinawaweka kwenye maabara ya profesa kwa wiki 8 mpaka 10, wanafanya risachi ya kweli na WANALIPWA. Hulipi ada. Hela unayopewa inaitwa stipendi, na mara nyingi juu yake kuna bweni la bure, nauli ya ndege, na sehemu nyingine chakula. Mwisho unatengeneza posta ya kazi yako unasimama nayo mbele ya watu unaeleza ulichofanya. Ukiomba PhD au medical school baadaye hicho ndicho wanachokitafuta kwenye faili lako, na mwenzako ambaye baba yake ni profesa ameshakipata akiwa na miaka 16.

Mwanangu ni Mkongo, siyo Mmarekani mweusi. Anahesabika kweli kwenye hizo za "minoriti"?

Anahesabika. Kwenye fomu za serikali ya Marekani, Black or African American ni mtu mwenye asili ya makundi ya watu weusi wa Afrika, sasa Mkongo, Mrundi, Mtanzania, Mkenya wote mmo humo. Lakini pia hii habari haijawahi kuwa ya rangi peke yake. Kwa miaka mingi NIH, yaani taasisi kuu ya utafiti wa afya ya serikali, ilikuwa inahesabu pia wenye ulemavu na waliokulia maisha magumu: wazazi hawana digrii, uliwahi kukosa pa kukaa, ulikuwa unakula lunch ya bure shuleni, unapata Pell Grant (msaada wa ada wa serikali kwa wenye kipato kidogo), umekulia kijijini ndani ndani. Soma tena hiyo orodha alafu niambie ni kijana gani wa kikimbizi hayumo. Wengi wanaona aibu kutiki hivyo viboksi, wanaona kama wanatangaza shida za nyumbani. Tiki bana, vimewekwa kwa ajili yako.

Si nimesikia Trump amefuta haya mambo yote?

Siyo yote, lakini yameguswa na yameguswa vibaya. Juni 2023 Supreme Court ilizuia vyuo kutumia rangi kama kigezo cha kuingiza wanafunzi, ile kesi ya Harvard. Alafu Januari 2025 zikaja amri za rais dhidi ya mambo ya DEI (mipango ya utofauti, usawa na ujumuishaji), na mwaka huo huo NIH ikafuta kabisa Summer Internship Program yake ya kiangazi cha 2025, saiti kadhaa za REU (risachi za kiangazi kwenye vyuo zinazolipwa na NSF, taasisi ya serikali ya sayansi) zikaondolewa, na programu za mafunzo za NIH kama MARC na U-RISE, ambazo zilikuwa zimeinua vijana wengi sana weusi na Walatino, zikakatiwa hela.

Zilizobaki nyingi zimebadilisha maneno. Haziandiki tena "kwa wanafunzi weusi", zinaandika kizazi cha kwanza kwenda kolej, kipato kidogo, wanaotoka vyuo visivyo na maabara za utafiti. Kwa watoto wetu tofauti siyo kubwa sana manake humo humo wamo. Ila kwako wewe unayetafuta maana yake ni kwamba ile listi uliyotumiwa na binamu yako aliyeomba 2021 usiiamini, ingia kwenye ukurasa wa kila programu mwenyewe uone kama mwaka huu ipo, inataka nani, na inalipwa na nani.

Hatuna uraia bado. Tunaruhusiwa?

Hapa ndipo vijana wengi wazuri wanapokwama, kwa hiyo soma polepole. Programu zinazolipwa na hela ya serikali kuu, mfano REU za NSF, zinataka raia wa Marekani au mwenye grini kadi. Basi. Za NASA ni kali zaidi, zinataka raia tu.

Ukiingia kama mkimbizi, sheria inasema unaomba grini kadi baada ya kukaa mwaka mmoja. Sasa familia nyingi zinafika, kila mtu anaingia kazini, ile fomu inasahaulika, na kwa sababu mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi hata bila grini kadi hakuna anayeona haraka. Inapita miaka mitatu minne. Siku dogo amepata nafasi ya kwenda maabara nzuri anaambiwa leta grini kadi, na hana. Wazazi, kama mwaka umeshapita nendeni kwenye ofisi iliyowapokea au kwa wakili wa bure wa wakimbizi mkaulize mapema, msingoje mtoto aitwe.

Kama kesi yenu ni ya asylum (kuomba hifadhi) na bado haijajibiwa, hela za serikali hapo hazitafunguka. Lakini ukiwa na kibali cha kazi unaweza kuajiriwa kwenye maabara ya hospitali au chuo kama mfanyakazi wa kawaida, na kuna programu za wakfu binafsi zenye masharti mepesi. SHPEP kwa mfano (nimeieleza chini) imekuwa ikipokea hadi vijana wenye DACA, yaani walioletwa Marekani wakiwa watoto bila karatasi wakapewa kinga ya kutofukuzwa.

Na kitu kidogo ambacho kimewatesa watu: majina na tarehe. Kama karatasi za UNHCR zilikuandika umezaliwa Januari 1 kama walivyoandikwa maelfu, hiyo ndiyo tarehe yako hapa, programu ikitaka miaka 18 inahesabu kutoka hapo. Na jina liwe lile lile kwenye transkripti, grini kadi na aplikesheni, siyo huku Amani Bahati kule Bahati Amani.

Mimi nimekuja na F-1, visa ya mwanafunzi, kutoka Dar / Nairobi. Na mimi je?

REU hapana, nyingi za Amgen Scholars (nayo ipo chini) zilizoko Marekani hapana. Njia yako rahisi ni chuo chako mwenyewe: mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chake, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo na full time likizo ikifika. Kwa hiyo tafuta profesa hapo hapo chuoni mwenye hela ya kukulipa. Nje ya chuo unahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi inayohusiana na masomo yako, na hiyo uanze na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hujasaini kitu chochote, usije ukaharibu visa kwa ajili ya miezi miwili.

Nitajie basi majina, niombe wapi?

REU ndiyo kubwa kuliko zote, ipo tangu 1987, ina saiti kwenye vyuo kila kona ya nchi, kila saiti na mada yake, wengine bioloji, wengine kemia, wengine data. NSF wana mfumo unaitwa ETAP, unajaza taarifa zako mara moja unaomba saiti nyingi humo.

Amgen Scholars ipo kwenye vyuo vyenye majina makubwa, wanataka GPA (wastani wa alama, juu ni 4.0) kuanzia 3.2. Leadership Alliance wana SR-EIP, aplikesheni moja inakufungulia vyuo vingi, hii wengi wetu hawaijui na ni mojawapo ya nzuri sana kwa mtu anayewaza PhD. Broad Institute pale Cambridge, Massachusetts wana yao, Mayo Clinic wana SURF, St. Jude pale Memphis wana ya saratani za watoto. Kwa mtoto aliyekulia kwenye familia yenye sickle cell, St. Jude ni sehemu ya kuangalia kwa macho mawili, wanafanya utafiti mkubwa wa huo ugonjwa.

SHPEP ni tofauti kidogo, siyo risachi, ni wiki 6 za kuandaliwa kwa ajili ya udaktari, meno, famasi, uuguzi, afya ya jamii na kadhalika, bure, na ni ya walio mwaka wa kwanza na wa pili wa kolej. Ilianza 1988 kama programu ya kuwaandaa wanafunzi weusi na wa makundi madogo waingie medical school, imebadilisha majina mara kadhaa njiani. GPA wanaanzia 2.5. Kama upo freshman na hujui pa kuanzia, mimi ningekwambia anza na hii.

McNair haipo kwenye orodha za internship ila usiiache. Iko ndani ya chuo chako kama chuo chako kinayo, ni hela ya Department of Education, kwa wanafunzi wa kizazi cha kwanza wenye kipato kidogo na wa makundi yenye watu wachache kwenye PhD, na ina risachi ya kiangazi. Imepewa jina la Ronald McNair, yule mwanafizikia mweusi aliyekufa kwenye Challenger 1986. Nenda uulize mlango wa TRIO, ofisi ya programu za serikali za kusaidia wanafunzi wa namna hiyo.

Kutafuta zaidi kuna tovuti ya Pathways to Science, pia AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari, wana orodha ndefu ya programu za kiangazi za udaktari.

Bado nipo hai skuli

Zipo ila chache, na nyingi zinataka uwe unakaa karibu. American Chemical Society wana Project SEED tangu 1968, inalipa, na ni ya watoto wa familia zenye kipato kidogo, yaani kipato ndicho kigezo. Fred Hutch, kituo cha utafiti wa saratani pale Seattle, wana ya hai skuli. Walioko Maine, na najua Portland na Lewiston kumejaa Wakongo na Warundi siku hizi, mna Jackson Laboratory pale Bar Harbor, programu yao ya kiangazi ina miaka zaidi ya 100. Mwaka 1955 dogo mmoja wa hai skuli anaitwa David Baltimore alienda pale, akakutana na kijana mwingine aliyemtangulia kidogo, Howard Temin, na 1975 hao wawili wakagawana Nobel pamoja na Renato Dulbecco. Sisemi na wewe utapata Nobel, nasema tu kwamba watu hukutana sehemu kama zile.

Nasoma community college (chuo cha miaka miwili), hizi si za watu wa Harvard?

Hapana, na tena REU inatakiwa ichukue wanafunzi kutoka vyuo ambavyo havina risachi, kwa hiyo kutoka community college inakubeba. Wizara ya nishati nayo ina CCI, ni ya community college peke yake, kwenye maabara kubwa kama Argonne na Oak Ridge. Watu hawaombi kwa sababu wanajitoa wenyewe mapema.

GPA yangu siyo nzuri, 2.9

Omba. Zinazotaka 3.2 ziache, zipo nyingi zinazosema 2.5 au 3.0 "inapendekezwa". Kama semista ya kwanza ulianguka kwa sababu ulikuwa unafanya shifti za usiku, sema sentensi moja kwenye insha na uonyeshe kwamba sasa inapanda. Usiandike aya nzima ya kujitetea.

Barua za rekomendesheni nazitoa wapi? Hamna profesa anayenijua

Hili ndilo linaloangusha vijana wetu kuliko GPA, kuliko Kiingereza, kuliko kitu kingine chochote. Sisi tumelelewa kwamba mwalimu humsogelei sogelei, unakaa kimya, unafanya mtihani, unapata A, unaondoka. Hapa huyo mwanafunzi wa A aliyekaa kimya profesa anamuandikia mistari minne: alikuwa darasani, alipata A. Na yule wa B+ aliyekuwa anaenda ofisini kila wiki kuuliza anaandikiwa kurasa mbili.

Kwa hiyo Septemba, siyo Januari, chagua walimu wawili wa sayansi. Nenda zile saa zao za ofisi na swali la kweli kuhusu somo. Nenda tena. Ikifika Novemba mwambie naomba programu za kiangazi, utaweza kuniandikia barua nzuri? Akisita, shukuru utafute mwingine. Akikubali mpe wasifu wako, rasimu ya insha, na orodha ya tarehe zote, na wiki moja kabla ya dedilaini mkumbushe. Kumkumbusha siyo kumkosea heshima, wamezoea, wengine wanategemea ukumbushe.

Bosi wako wa hospitali unapofanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) anaweza kuwa barua ya tatu. Mchungaji hapana, imamu hapana, hata kama anakupenda vipi.

Kwenye insha niandike habari za kambini?

Andika kama inaelekea mahali. Wasomaji wa hizi insha wameshasoma mateso mengi, wanachotaka ni kujua unataka kujua nini. "Nilikulia kambini maisha yalikuwa magumu nataka kusaidia jamii" imeandikwa mara elfu. Lakini ukiandika kwamba kila mvua ikianza kliniki ya kambi ilikuwa inajaa watoto wa malaria, na ukajiuliza kwa nini wengine dawa ile ile iliwaponya na mdogo wako haikumponya, hapo una swali la kisayansi na ni lako, hamna mtu wa Connecticut anaweza kuliandika. Na kuhusu rangi, hata ile hukumu ya 2023, Jaji Mkuu Roberts aliandika kwamba mwanafunzi hazuiwi kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Kwa hiyo usiogope kuwa mtu.

Nusu ya mwisho ya insha iwe ya hiyo programu yenyewe: taja maabara mbili tatu za pale na kwa nini. Mtu akiona insha inayoweza kutumwa popote anaiweka pembeni.

Kiangazi ndio tunapata hela. Nikienda huko nani atalipa bili?

Swali la msingi kabisa na sipendi watu wanaolijibu kwa kusema "wekeza kwenye future yako". Tufanye hesabu. REU inatoa karibu dola 600 mpaka 700 kwa wiki, kwa wiki 10 ni kama 6,000 mpaka 7,000, na nyumba mara nyingi imelipwa. Chukulia warehouse inakupa dola 20 kwa saa, masaa 40, wiki 10, ni 8,000 kabla ya kodi. Tofauti ipo lakini siyo ile mliyokuwa mnaifikiria, na kwenye warehouse bado unakula mafuta ya gari kila siku. Programu nyingi zinaisha mwanzo wa Agosti, kwa hiyo unabaki na wiki kadhaa za kupiga shifti kabla ya masomo. Zungumza na wazee nyumbani Desemba, mkubaliane kiasi gani utatuma na bibi kule Uvira au Kigoma atapata lini, kuliko kuwashtukiza Mei na begi mkononi.

Mawili ya kuangalia. Stipendi inaweza kuja bila kukatwa kodi, lakini kodi bado unadaiwa, weka pembeni kidogo. Na kama nyumbani mko kwenye Section 8 (msaada wa kodi ya nyumba) au food stamps (msaada wa chakula), muulizeni keswoka kwanza hiyo hela inahesabiwaje. Pia uliza stipendi inalipwa lini, sehemu nyingine ya kwanza inakuja baada ya wiki mbili na hapo unahitaji hela ya kuanzia.

Mimi ni mzazi. Binti yangu hawezi kwenda kulala jimbo lingine miezi miwili peke yake

Mama, baba, nawaelewa. Haendi kupanga chumba mtaani. Nyingi zinawaweka wanafunzi wote kwenye bweni moja la chuo, kuna mratibu ambaye jina na namba yake mnapewa, na mna haki ya kumpigia kabla hamjakubali chochote. Ulizeni analala na nani, jiko lipo au halipo, msikiti au kanisa liko wapi. Wanaulizwa hivyo na wazazi wa kila aina. Kama bado moyo unakataa, basi mtafutieni ya mji mnaokaa, Dallas, Houston, Columbus, Phoenix zote zina vyuo vya utafiti, arudi nyumbani jioni. Lakini msimkatalie kabla hamjampigia huyo mratibu.

Mwanangu anasomea udaktari, hii risachi ya panya itamsaidia nini?

Itamsaidia kuingia huko huko kwenye udaktari, manake medical school nyingi zinaangalia kama umewahi kufanya utafiti. Na kuna jambo wazazi wengi hawajaambiwa: medical school unakopa, deni linakufuata miaka, ila PhD ya sayansi Marekani kwa kawaida chuo kinakulipia ada na kukupa hela ya kuishi. Na kuna MD-PhD, unatoka daktari na mtafiti, na kwenye zile za MSTP, zinazosaidiwa na NIH, ada unalipiwa. Kijana hawezi kuchagua njia ambayo hajawahi kuiona.

Maabarani nitafanya nini? Sijawahi kushika hata mikroskopu

Utafundishwa, ndio maana yake. Wiki ya kwanza ni mafunzo ya usalama na kusoma makala ambazo hutazielewa (hata wao walisoma mara tatu). Baadaye ni pipeti, PCR (kunakili DNA), kukuza seli, au kama ni ya kompyuta basi ni lugha za kompyuta za R au Python na kusafisha data siku nzima. Majaribio mengi yatakataa, ni kawaida, usiende kulia chooni ukidhani ni wewe. Anayekufundisha siku kwa siku siyo profesa, ni mwanafunzi wa PhD au postdoc (mtafiti aliyeshamaliza PhD), huyo ndiye umfanye rafiki. Lafudhi yako waache nayo, nusu ya maabara wametoka China, India, Brazil, kila mtu ana yake. Kama hutaki kushika wanyama sema kwenye aplikesheni, zipo za kutosha zisizo na panya.

Tumepata barua kwamba mtoto "amechaguliwa" kwenye programu ya viongozi wa sayansi, dola 4,000. Tulipe?

Msilipe. Zile barua zinatumwa kwa maelfu ya watoto na siyo tuzo. Ya kweli inakulipa wewe, au inakuchukua bure. Kuna zingine siyo utapeli kabisa, ni kambi za kulipia ndani ya chuo maarufu, mtoto anapata picha na cheti, lakini haziko daraja moja na hizi.

Dedilaini ni lini?

Mapema kuliko unavyofikiri. Aplikesheni nyingi zinafunguka Novemba, SR-EIP na Amgen zimekuwa zikifunga mwanzoni mwa Februari, SHPEP hivyo hivyo, REU nyingi kati ya mwisho wa Januari na Machi. Majibu Machi na Aprili. Omba 8 mpaka 10, siyo mbili. Ukiwa na insha moja nzuri zinazofuata ni kubadilisha aya ya mwisho tu.

Nimekataliwa zote. Au nimechelewa, sasa hivi ni Aprili

Fungua tovuti ya chuo chako au chuo kilicho karibu, idara ya bioloji, afya ya jamii, kemia, chochote. Soma maprofesa kumi wanafanya nini. Waandikie kila mmoja imeili yake, fupi, mistari sita saba: wewe nani, kitu gani kimoja kwenye kazi yake kimekuvutia na kwa nini, una masaa mangapi kwa wiki kiangazi hiki, transkripti umeambatanisha. Usiandike "Dear Sir/Madam", andika Dr. na jina lake. Tuma Jumanne asubuhi siyo Ijumaa usiku. Wengi hawatajibu, baada ya wiki moja wakumbushe mara moja tu. Mmoja akisema njoo tuongee, uliza hapo hapo kama kuna hela ya kukulipa, chuo kingi kina mfuko wa risachi za wanafunzi na profesa anajua mlango wake. Kama hela hamna kabisa, chukua masaa machache kwa wiki, endelea na kazi yako, na ikifika Novemba huyo ndiye anakuandikia barua.